Jumanne: Barua Mbili za Ajira

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu alitumia kigezo gani alipochagua mahali pa kukaa? Ni jambo gani ambalo hakuliuliza?

Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha wote pamoja na mifugo yao. Abramu, aliyekuwa mkubwa, akampa mwana wa ndugu yake nafasi ya kuchagua kwanza. Lutu akatazama bonde la Yordani, akaona lina maji ya kutosha.

Kutazama maji hakukuwa kosa. Mfugaji asiyejali maji atapoteza kundi lake. Kosa la Lutu ni kwamba aliishia kwenye maji. Fungu la 13 linaeleza jinsi watu wa Sodoma walivyokuwa waovu, lakini hakuna neno linaloonyesha kwamba Lutu aliuliza habari zao, au kwamba aliomba kabla ya kuamua. Matokeo yake hayakuja kwa siku moja. Kwanza alisogeza hema kuelekea Sodoma (13:12). Baadaye alikuwa akikaa ndani ya Sodoma (14:12). Kisha alikuwa ameketi langoni pa mji (19:1). Mwishowe, malaika walipomhimiza aondoke, alikawia hadi wakamshika mkono (19:16). Abramu naye alikwenda Hebroni, na huko akajenga madhabahu (13:18).

Fikiria binti mhasibu, mzaliwa wa kwanza, aliyekaa nyumbani miaka miwili akitafuta kazi. Katika juma moja anapata barua mbili. Benki moja ya Dar es Salaam inampa shilingi 1,400,000 kwa mwezi baada ya makato. Shule ya sekondari ya wilayani kwao inampa 750,000. Nyumbani kuna mama mgonjwa, na mdogo wake anasubiri ada ya chuo. Majibu yanatakiwa kabla ya Ijumaa.

Yesu alizungumzia mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Binti huyu naye anachukua kalamu. Dar es Salaam atatoa zaka 140,000, kodi ya nyumba 250,000, chakula na nauli 350,000. Atabaki na 660,000. Akikaa kwa mama yake atatoa zaka 75,000, chakula na nauli 150,000. Atabaki na 525,000. Tofauti iliyoonekana kuwa 650,000 imekuwa 135,000. Hata hivyo, kwa mwenye kusubiri ada, hiyo si fedha ndogo.

Kisha anasoma mkataba wa benki hadi mwisho. Kuna kifungu kinachosema atafanya kazi Jumamosi kwa zamu. Anaomba, anamshirikisha mzee wa kanisa, na kabla ya kutia sahihi anaandika barua ya heshima akiomba zamu zake ziwe Jumapili au siku nyingine. Benki inajibu kwamba haiwezi kuahidi hilo. Siku ya pili simu inalia: kifungu kitabaki vilevile, ila mshahara umepanda hadi 1,600,000.

Soma Hesabu 22:7–21. Kwa nini Balaamu alitaka kumwuliza Mungu mara ya pili?

Mungu alikuwa amekwisha kumjibu Balaamu asiende. Balaki akatuma wakuu wengi zaidi, wenye heshima zaidi, na ahadi kubwa zaidi. Balaamu akawaambia walale hapo usiku ili asikie kama Bwana ana neno jingine. Agizo halikuwa limebadilika. Kilichobadilika ni ujira. Yapo maombi yanayotafuta mwanga, na yapo yanayotafuta ruhusa. Binti yule akipiga magoti tena usiku ule, ni vema ajue anaomba lipi kati ya hayo.

Tuseme amechagua shule. Mjomba wake anaona amechezea bahati ya ukoo, na mdogo wake analazimika kulipiwa ada kwa awamu. Kanisa lisimwambie kwamba kazi kubwa zaidi itakuja mwezi ujao; Biblia haitoi ahadi hiyo kwa kila anayetii. Musa alichagua kuteswa pamoja na watu wa Mungu (Waebrania 11:24–26). Lakini kanisa linaweza kusaidia ada ya kijana yule.

Tena, si kila uchaguzi uko hivi. Ikiwa kazi zote mbili ni halali na hakuna inayogusa Sabato wala uaminifu, mwamini hana sababu ya kuishi kwa hofu kwamba ameikosa njia moja iliyofichwa. Apime uwezo wake, mahitaji ya familia, na mahali ambapo ibada na huduma yake vitastawi. Asikilize washauri (Mithali 11:14). Kisha achague kwa amani. Mungu aliyekuwa pamoja na Yusufu katika nyumba ya Potifa alikuwa pamoja naye gerezani pia.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni afadhali kueleza msimamo wa Sabato kabla ya kutia sahihi mkataba kuliko baada yake?

2. Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili kwa mshiriki aliyeacha kipato kwa sababu ya imani?

3. Katika uamuzi unaokukabili sasa, je, unaomba mwanga au unaomba ruhusa?