Fimbo ya Elisha Haikutosha



Katika Wafalme wa Pili, sura ya nne, yupo mama wa Shunemu aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Mtoto alimfuata baba yake kwa wavunaji, kichwa kikamuuma, akarudishwa nyumbani, na ilipofika adhuhuri akafia magotini pa mama. Mama akatandika punda, akamwendea Elisha mlimani Karmeli. Nabii akamtanguliza mtumishi wake Gehazi, akampa fimbo yake na maagizo: asisimame kusalimiana na mtu njiani, akifika aiweke fimbo usoni pa mtoto. Gehazi akafanya alivyoagizwa. Mtoto hakuamka. Ndipo Elisha akaingia chumbani mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, akamlalia yule mtoto, mdomo juu ya mdomo, viganja juu ya viganja. Mwili ukaanza kupata joto. Akainuka, akatembea ndani ya nyumba, akarudi akamlalia tena. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho.

Tumezoea kuhubiri imani ya yule mama, na ni haki yake. Wiki hii nawaomba tumtazame Gehazi. Alibeba fimbo ya mwalimu wake, akashika maneno ya mwalimu wake, akatii. Andiko halimtajii kosa lolote katika safari ile. Na tumtazame pia Elisha, nabii mkubwa, ambaye ilimbidi kurudia.

Andiko hili limekuwa likinirudia tangu nilipokaribishwa kwenye chumba cha mazoezi cha chuo kimoja cha uuguzi hapa Temeke. Mezani palikuwa na mdoli wa mtoto mchanga, umejazwa maji ili uwe na uzito kama wa mtoto, na mpira mdogo wa kuminya unaofanya mapigo yasikike kwenye kitovu. Binti mmoja alikuwa anajifunza kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa hapumui. Alifunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo, akaminya mfuko wa hewa. Kifua cha mdoli hakikuinuka. Akaminya kwa nguvu zaidi, bado. Mwenzake aliyeshika karatasi ya hatua akasema neno moja tu: “Kichwa.” Binti akakiinua kidevu kidogo, akaiweka barakoa upya, na kifua kikapanda. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni muda wote, kimya. Walipomaliza hakuanza na makosa. Alimuuliza, “Umeona nini?” Yule binti akaeleza mwenyewe hewa ilikuwa inavujia wapi, kisha wakabadilishana nafasi.

Yule mwalimu angeweza kuliandika somo lote ubaoni kwa robo saa, wanafunzi wakanakili, mtihani wakafaulu. Wangetoka na fimbo.

Tunao ushahidi kwamba fundisho bila marudio halitoshi, kutoka ndani ya kanisa letu. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa Helping Babies Breathe, wa kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, wanayoiita dakika ya dhahabu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuufanyia majaribio. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa baadaye kwenye mdoli, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipowafuatilia leba, kwa watoto halisi, huduma haikuwa imebadilika. Naiheshimu hospitali ile kwa kulisema hilo wazi. Wakabadili utaratibu: mdoli ukawekwa palepale kazini, na kila wiki mkunga akafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Dakika tatu hadi tano, lakini kila wiki. Sisi tunaopenda semina za siku moja, za ndoa, za uwakili, za malezi, tuliweke hili moyoni.

Lipo pia suala la haki, nami sitalipita. Wanafunzi wa fildi hawapelekwi kujifunzia kwenye vyumba vya watu wenye uwezo. Wanakwenda Temeke, Mwananyamala, Mbagala Rangi Tatu, kwenye wodi zenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache. Kwa hiyo jaribio la kwanza la kuweka kanula, la pili na la tatu, huangukia mkono wa mama aliyekuja kwa daladala kwa sababu hana pengine pa kwenda. Mwili wa maskini si daftari la kufanyia mazoezi. Mwanafunzi aliyekwisha kukosea mara nyingi kwenye mkono wa plastiki, akasahihishwa, akarudia, amempenda jirani yake kabla hajamwona. Naamini Mungu anauhesabu upendo huo, ingawa hakuna anayeupigia makofi.

Na mwalimu anayemfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa, namsihi katika Bwana aache. Mkono unaotetemeka kwa kuogopa mwalimu haupati mshipa, na anayeumia ni mgonjwa. Najua walimu wana wanafunzi wengi mno, na kusimama na mmoja mmoja ni kazi ngumu kuliko kusoma somo mbele ya darasa zima. Tuwaombee kwa kazi yao hiyo.

Nanyi mkilazwa, au mkimuuguza mtu, mwanafunzi akaja na msimamizi wake, ana wajibu wa kujitambulisha na kuomba ruhusa. Mnaweza kukubali, mnaweza kukataa, na kukataa si dhambi. Mkikubali, mpeni muda. Mwiteni mwanangu, mtulizeni. Akiwaumiza mwambieni panapouma, maana hilo nalo ni somo ambalo mdoli hauwezi kumpa.

Hapa usharikani tunao wauguzi wastaafu, mama zetu waliokesha leba miaka na miaka, na tunao vijana wa uuguzi waliopanga vyumba Mbagala na Mtoni Kijichi, mbali na kwao. Nimezungumza na wazee wa kanisa. Kuanzia Jumatano ijayo, baada ya ibada ya jioni, chumba cha Shule ya Jumapili kitakuwa wazi kwa ajili yao: kupima presha wazee wetu watakaoridhia, kunawa mikono kwa hatua zote, kufunga bandeji, kujifunza kumpokea mgonjwa na kumsikiliza. Sindano hapana, hizo zibaki chuoni na hospitalini. Mama zangu wastaafu, naomba mje kuwasimamia. Mwenye kipimo cha presha kinachofanya kazi nyumbani akikabidhi ofisini kabla ya Jumatatu, tutashukuru.