Kengele Iliyofunika Kengele

JUMANNE

Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310 iliruka kutoka Abidjan, Ivory Coast, kwenda Lagos, ikiwa na watu 179. Mara tu magurudumu yalipoacha ardhi, kengele ililia katika chumba cha marubani, kana kwamba ndege inaishiwa nguvu ya kujishikilia hewani. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, akasukuma usukani mbele ili pua ya ndege ishuke, kama marubani wanavyofundishwa. Lakini kengele ile ilikuwa ya uongo. Ndege haikuwa na shida hiyo. Mbele yao kulikuwa na bahari na giza tupu, hakuna hata taa moja ya kuwaonyesha kwamba wanashuka. Chini ya dakika moja baadaye ndege ikapiga maji. Watu 169 walikufa, 10 waliokoka.

Tusimhukumu upesi rubani huyo. Nani kati yetu angepata muda wa kufikiri? Tutazame jambo ambalo wachunguzi waliliandika: ndege ile ilikuwa na kengele nyingine, ya kweli, ya kuonya kwamba ardhi au maji yamekaribia. Haikusikika. Mitambo ilipangwa kuitanguliza ile ya kwanza, na hii ikafunikwa. Sauti ya kutaja kimo kilichobaki iliendelea kuhesabu, wala haikuwazindua.

Soma Isaya 8:19, 20. Watu wenye hofu walikuwa wakimwendea nani? Nabii anawarudisha kwenye nini?

Hapa Ushirombo, na Usukumani kote, tunalielewa jambo hili hata kama hatujawahi kupanda ndege. Mtoto anashikwa na degedege usiku. Kabla hajafikishwa zahanati, mtu anasema, "Hii si homa ya kawaida," na familia inakwenda kwa mpiga ramli. Ramli inamtaja bibi jirani, mjane mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni miaka na miaka. Kuanzia hapo hakuna anayesikia neno jingine. Malaria inaendelea na kazi yake mwilini mwa mtoto, na huko nje vijana wananoa mapanga. Katika mikoa yetu tumewazika akina bibi wa namna hiyo. Na tuseme kweli, ndugu: wanaokwenda kwa mpiga ramli usiku si wapagani peke yao.

Soma 1 Wafalme 19:1-13. Eliya alikuwa amesimama mbele ya manabii 450 wa Baali bila kutetemeka, lakini ujumbe mmoja wa Yezebeli ukamkimbiza hadi Beer-sheba na jangwani. Bwana hakushindana na kelele ile kwa kelele kubwa zaidi. Alimlisha kwanza, akamwacha alale, ndipo akasema naye kwa utulivu.

Linganisha na 1 Yohana 4:1. Yohana hawaambii wapendwa wazibe masikio, anawaambia wapime.

Jadilini katika kundi lenu: Je, mtaani kwenu yuko bibi ambaye watu wanamnong'ona? Nani atakwenda kumtembelea juma hili, tena mchana, majirani wakiona?