Je, Punda Aliyeumia Anatudai?

Huenda wengine watacheka wakisikia kwamba huko Ulaya na Marekani farasi aliyeumia misuli au mishipa ya fahamu huingizwa katika hodhi la maji, akatembezwa humo polepole. Lakini jambo hilo lina maana. Maji humbeba mnyama, uzito ukapungua miguuni; tena humpinga anapotembea, hata misuli iliyolegea ikalazimika kufanya kazi. Mshipa wa fahamu uliokatika kabisa maji hayauungi; bali ule uliobanwa tu huenda ukapona taratibu, na mazoezi hayo huihifadhi misuli wakati wa kungoja.

Kwetu farasi ni wachache, maana ugonjwa wa nagana uletwao na mbung'o uliwazuia kustawi katika sehemu nyingi za nchi. Mchukuzi wetu ni punda. Katika Handeni yenye ukame, ndiye abebaye madumu ya maji. Kamba au tandiko baya likimbana bega siku nyingi, mshipa wa fahamu huweza kuumia, misuli ikakonda, naye akachechemea. Hapo wako wampigao, na wako wamwachao porini.

Je, yatupasa kumtendea nini? Mtu atasema: “Watu wenyewe hawana maji ya kutosha, sembuse punda!” Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Maji ya bomba ya Handeni hutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na kwa miaka mingi hayakutosha. Wala mto wenyewe, wenye mamba, si mahali pa kumtembeza mgonjwa. Basi binadamu atangulie. Lakini kumtanguliza binadamu si kumdhulumu mnyama. Hatudai hodhi la fedha nyingi. Twadai mzigo upunguzwe, tandiko liwe laini, aliyeumia apumzishwe, na daktari wa mifugo aitwe mapema. Na pasipo tumaini, mateso yakomeshwe kwa huruma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza kumtesa mnyama. Lakini sheria haifiki kila zizi, dhamiri hufika.

Farasi wa tajiri hutibiwa kwa ajili ya bei yake. Bei ya punda ni ndogo, ila deni letu kwake ni kubwa, kwa kuwa maji tuliyokunywa yalipita mgongoni pake. Wazee walisema asante ya punda ni mateke. Yafaa nasi tujiulize: asante yetu kwa punda ni nini?