Mlinzi Asiyesinzia
Jumatano

Soma Zaburi 121. Mtunzi anaitazama milima. Je, msaada anautarajia kutoka kwa nani?

Mama mmoja wa Dodoma alikuwa na kijana wake Mlima Kilimanjaro. Kutoka Horombo, mita 3,720, kijana alimtumia ujumbe: kesho wangefika Kibo, na usiku wa manane wangeanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kisha simu ikanyamaza.

Usiku ule mama aliomba, “Bwana, mfikishe kileleni.” Kila mara aliishika simu. Lakini kushika simu si kushika mguu wa mtoto. Karibu na alfajiri aliisoma zaburi hii, akabadili ombi: “Bwana, mimi simwoni. Wewe unamwona. Mlinde.”

Mchana ujumbe ulifika. Kijana aliumwa kichwa na kutapika, na kiongozi wa msafara akamteremsha. Kileleni hakufika. Anayeugua hivyo mlimani huokolewa kwa kushuka mapema.

Mungu hakuahidi kutupatia habari kila saa. Aliahidi kwamba Yeye halali. Soma Marko 6:46–48. Yesu akiwa nchi kavu aliwaona wanafunzi wakitaabika ziwani. Hata kwa waliomwombea mpendwa asirudi, aya ya mwisho ya zaburi inavuka safari moja na kufika milele.

Tafakari: Unamwombea nani aliye mbali? Je, unaomba afike unakotaka wewe, au adumu mikononi mwa Mungu?