Hukumu ya Mharibifu

Mharibifu, katika lugha ya Kiswahili, ni jina lililokwisha kubeba hukumu ndani yake. Aitwaye hivyo amekwisha kutiwa hatiani kabla hajatazamwa. Mchwa anayekula gogo lililoanguka msituni hana jina hilo. Aingiapo katika boriti ya nyumba, ndipo apewapo. Mdudu ni yule yule na taya zake ni zile zile. Kilichozidi ni mwenye mali. Uharibifu, basi, ni uhusiano baina ya kiumbe na haja ya mtu, wala haumo katika damu ya kiumbe huyo kama weusi ulivyomo katika manyoya ya kunguru. Hii haina maana kwamba uharibifu ni uzushi. Boriti ikiliwa dari huanguka, na aliyelala chini yake hana wasaa wa kujadili maana ya maneno. Maana yake ni kwamba neno hili ni hukumu, na kila hukumu ya haki hudai mambo manne: ushahidi, hakimu mwenye kujua, mpaka wa adhabu, na njia njema ya kuitekeleza.

Wengi hukubali kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kumwua mnyama anayemdhuru. Swali gumu linaanza baada ya hapo. Mtu akishapata haki ya kuua, hubakiwa na wajibu gani kwa yule anayemwua? Kisiwa cha Unguja, ambacho upana wake haufiki kilomita 40, kimetoa kesi tatu zinazotosha kulipima swali hili: ya kima punju, ya chui na ya kunguru.

Kesi ya kima punju ni ya ushahidi. Kima huyu mwenye mgongo mwekundu hapatikani penginepo duniani ila katika visiwa hivi, na jina alilopewa tangu zamani lina sumu ndani yake, kwani punju ni sumu ya wachawi. Wakulima waliopakana na msitu wa Jozani walimlalamikia kwa miaka mingi kwamba anakula nazi changa na kuwatia hasara. Malalamiko yao hayakuwa ya uongo: kidaka kililiwa, na waliokiona kikiliwa walikiona kwa macho yao. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulihesabu pia nazi zilizokomaa na kuvunwa, na ukaonyesha kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno hayakupungua, yalielekea kuongezeka. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza, na kima, bila ya kujua, alikuwa akifanya kazi ya mpogoaji. Mkulima aliona kweli, ila hakuona yote. Aliyepanda mnazi ana haki ya kushitaki, lakini haki ya kushitaki haimfanyi kuwa hakimu. Lau kila mtu angelitega au kupiga risasi siku ile ile aliyoona kidaka kimetobolewa, angelimwua mfanyakazi wake asiyemlipa ujira.

Kesi ya chui ni ya mpaka. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na alikula mbuzi na kuku wa watu. Hilo lilikuwa kosa linaloonekana. Juu yake likawekwa kosa jingine lisiloonekana: kwamba wako chui wanaofugwa na wachawi na kutumwa kwenda kuwadhuru jirani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikafanywa kampeni kubwa ya kuwasaka chui pamoja na hao waliodhaniwa kuwa ni wenyewe, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Mtu akilitafakari jina hilo hushituka, kwa kuwa kitanzi ndicho chombo kisichochagua shingo. Aliyekula mbuzi na asiyekula, wote wakawa ni chui. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikwisha kukata tamaa ya kumpata hai. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa porini ikanasa picha ya mnyama aliyedhaniwa kuwa ni yeye, na mjadala ukafufuka. Asiyetaka kubahatisha atamkuta katika makumbusho ya mjini, amejazwa na kushonwa.

Hapana budi kumtendea haki mwenye mbuzi. Kwa mtu maskini mbuzi mmoja ni akiba ya mwaka, na anayemwambia avumilie kwa ajili ya uzuri wa maumbile mara nyingi ni mtu asiyefuga. Lakini dai la mwenye mbuzi lilikuwa juu ya chui fulani, aliyeingia zizi fulani, usiku fulani. Hukumu iliyotoka iliwakumba chui wote, waliozaliwa na ambao wangezaliwa. Baina ya kumzuia mwizi na kufuta ukoo wake ipo njia ndefu, na aliyeipita yote kwa hatua moja hawezi kusema kwamba alikuwa akilinda zizi.

Kesi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu humo mshitakiwa ana hatia ya kweli. Kunguru wa Kihindi hakuwa mwenyeji wa mwambao huu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, mwanzoni mwa himaya ya Waingereza, ili ale taka za mji. Aliajiriwa, kwa maneno mengine, kuwa mfagiaji. Wahenga wamesema kunguru hafugiki, na huyu alilithibitisha neno lao: aliongezeka kupita taka alizoletewa, akavamia viota vya ndege wenyeji na kula mayai na makinda, akanyakua vifaranga uani, akaenea na mwambao wa bara, Mombasa na Dar es Salaam. Anayesema kunguru aachwe kwa huruma hana budi aseme pia nani atawahurumia chozi na chiriku, ambao hawana kelele ya kujitetea. Huruma inayomfikia yule tu anayeonekana dirishani ni huruma fupi.

Basi na auawe? Katika mapokezi ya Kiislamu kunguru ametajwa pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kung'ata kuwa ni viumbe wanaoruhusika kuuawa hata na aliyehirimia. Wengi huishia hapo, wakaiona ruhusa kuwa ni mlango uliofunguliwa wazi. Lakini mapokezi hayo hayo yamefundisha kwamba wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuua. Kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake amwondolee taabu anayechinjwa. Na kwamba kiumbe chenye roho kisifungwe kikafanywa shabaha. Ruhusa na sharti vimekuja pamoja, na aliyechukua kimoja akaacha cha pili amejipunja mwenyewe.

Hapa ndipo maadili yanapoacha kuwa maneno ya barazani na kuwa kazi ya mikono. Mtego wa kunguru uliozoeleka ni tundu kubwa la wavu lenye mlango wa juu, ambamo ndege hushuka kwa kukunja mbawa na asiweze kupanda akiwa amezikunjua. Ndani yake huwekwa kunguru hai awaite wenziwe. Kunguru huyo ni mfungwa aliyetumikishwa. Akiwekewa maji, chakula na kivuli, mtego ni mtego. Akisahauliwa juani siku tatu, mtegaji amemrithi yule mwanamke wa Hadithi aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie akajitafutie. Ubora wa tundu hili ni kwamba halijamwua mtu wala ndege mpaka mwenyewe afike: akikuta humo njiwa au mwewe asiyehusika, humfungulia akaruka. Lakini sharti afike, na afike kila siku.

Tanzi la waya halina sifa hiyo. Huwekwa kwa ajili ya nguruwe mwitu anayefukua muhogo, na nguruwe ana kesi ya kujibu. Ila waya hausomi hati ya mashitaka. Paa nunga, mnyama adimu asiyemdhuru mkulima, hupita njia ile ile na kuning'inia. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Watu huutumia msemo huu kuwaonya binadamu, kumbe kwanza ulikuwa kweli juu ya wanyama. Hata mtego wa panya wenyewe una njia njema na mbaya. Anayejua huuweka ubavuni mwa ukuta, kwa kuwa panya hupita ukutani; huuacha siku kadhaa na chambo bila ya kuufyatua, kwa kuwa panya huogopa kigeni; kisha huutega kwa kamani yenye nguvu ya kuua kwa pigo moja, na huukagua alfajiri. Ujuzi huu, unaoonekana kuwa mdogo, ndio unaotenganisha kifo cha nukta moja na usiku mzima wa mguu uliovunjika. Ujinga wa mtegaji haumdhuru yeye. Hulipwa na anayetegwa.

Bunduki nayo huonekana kuwa ni chombo chenye haki zaidi, maana huelekezwa kwa mmoja. Hilo ni kweli kwa sharti kwamba mpigaji anajua risasi yake inakwenda wapi baada ya kumkosa au kumpenya mnyama. Hata risasi nyembamba ya milimita 5.6, ambayo wengi huichukulia kama mchezo, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kunguru hukaa juu ya mnazi. Anayempiga huko anaielekeza risasi mbinguni, na katika kisiwa chenye vijiji vilivyopakana itaangukia ua wa mtu. Msasi mwema haangalii shabaha tu, huangalia kilichoko nyuma ya shabaha; pasipo na kingo ya udongo ya kuipokea risasi, hushusha mtutu akaenda zake. Bunduki ya marisau haiendi mbali hivyo, lakini ikipigwa kupita hatua arubaini hutawanya punje, na ndege huondoka na mbili tatu mwilini akafie kichakani. Basi ipo kanuni ya wasasi iliyo kongwe kuliko leseni zote: usipige usichoweza kukifikia, na uliyemjeruhi mfuate mpaka umalize. Tena chuma hicho kimeitwa kwa jina la madini yake, na risasi ni sumu hata ikiwa haisukumwi na baruti. Mzoga uliotupwa na punje zake humdhuru tai atakayeula, naye hakushitakiwa na mtu.

Imebaki sumu. Sumu itumikayo zaidi kwa kunguru ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kwezi, na watetezi wake husema, kwa haki, kwamba huvunjika upesi katika mwili wa ndege na haimdhuru sana atakayeula mzoga. Huharibu figo, na ndege hufa baada ya saa nyingi, pengine siku moja au mbili, mahali pengine, bila ya kelele. Kimya hicho huwafurahisha watu wa mjini. Lakini kimya si ushahidi wa kutoumia. Ni ushahidi tu kwamba muuaji hakuwepo. Chombo kinachomwondolea mtu haja ya kuona alichokitenda humwondolea pia nafasi ya kujiuliza kama kilihitajika.

Hata hivyo, dhuluma kubwa katika kesi ya kunguru haimo katika tundu wala katika sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Unguja ilifanya kampeni ya kuwapunguza, na kwa kweli walipungua sana. Kisha juhudi zikalegea, na majaa hayakuondoka. Waliosalia wakazaa, na idadi ikarudi. Maelfu ya ndege walikufa, na chozi wa leo hana nafuu iliyodumu. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwaua kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Tarakimu kama hiyo huleta mshangao, lakini swali la kuuliza halihusu ukubwa wake. La kuuliza ni hili: siku kunguru wa milioni atakapoanguka, jaa litakuwa wapi? Anayeteka maji yaliyomo mashuani bila ya kuziba tundu hafanyi kazi pungufu, hafanyi kazi.

Kifo cha mharibifu hupata uhalali wake kutokana na kinachookolewa. Kisipookoa kitu, uhalali wake hutoweka, hata kama kila ndege aliuawa kwa upole na kila hati ilitiwa saini. Kwa sababu hiyo kuua nusu ni kubaya kuliko kuua kwa ukamilifu, na kubaya kuliko kutoua kabisa: hukusanya maumivu ya njia zote mbili na huacha faida ya zote mbili. Mji ambao haujawa tayari kuzoa taka zake haujapata haki ya kutega kunguru wake, kwa kuwa bado unamwajiri kwa mkono mmoja na kumnyonga kwa mkono wa pili.

Kunguru hakuomba kuletwa, wala hakutia saini mkataba wa kazi aliyoshitakiwa kuivunja. Pengine hana budi afe, kwa ajili ya wasio na sauti waliokuwepo kabla yake. Lakini mwenye kumwua na ajue kwamba anatekeleza hukumu juu ya kosa lililoanzishwa na binadamu, na kwamba sehemu ya adhabu, iliyo nyepesi kuliko kifo lakini ndefu kuliko siku moja ya kutega, imemwangukia yeye: kufagia.