Mizuka ya Majumba ya Kale na Dhima ya Walio Hai

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Kisauni na Likoni suala ambalo, tuonavyo, lastahiki jawabu pana kuliko ndiyo au siyo. Wasema: Watu husimulia kuwa majumba ya kale, khasa yale waliyofia watu wengi, hukaliwa na mizuka; husikika humo vilio na huonekana vivuli. Je, Muislamu ayasadiki hayo au ayakanushe?

Kwanza na tuliweke wazi lisilokuwa na shaka. Majini ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, na Qur'ani imewataja. Lakini kusadiki kuwako kwa majini si kumsadiki kila asemaye kuwa amemwona jini. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na wengi huyachanganya. Qur'ani hiyo hiyo imetuamrisha kuchunguza khabari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na katika Sura ya Sabaa tumeelezwa kuwa majini waliendelea kumfanyia kazi Nabii Suleiman, rehema na amani zimshukie, hali amekwisha kufa, wasijue mpaka mdudu alipoila fimbo yake. Basi walioshindwa kujua mauti ya mtu aliyekuwa mbele ya macho yao, watu huwapelekea ubani na marashi kwenye mnara wa Mbaraki wakitaraji nini kwao?

Lakini suala hili lina upande wa pili, nao ndio uliotushughulisha zaidi. Nao ni huu: mtu akisema kuwa jumba fulani lina mzuka, husema nini juu ya wanaadamu waliolijenga, waliolimiliki na waliolisimamia? Ili tulione jambo hili vyema, na tutwae mfano wa jumba moja la mbali, ambalo khabari zake zilichunguzwa na kuandikwa, tupate kuona mzuka hutoka wapi.

Katika mji wa Chicago, Marekani, lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1903 jumba la michezo ya kuigiza lililoitwa Iroquois. Wenyewe walilitangaza kuwa haliwezi kuungua kabisa. Tarehe 30 Disemba mwaka huo huo, mchana, wakati wa likizo ya skuli, lilijaa watu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Taa ya umeme ya jukwaani ikarusha cheche, zikashika pazia. Pazia jingine lililowekwa kuzuia moto lilipoteremshwa, lilikwama njiani. Matundu ya kutolea moshi juu ya jukwaa yalikuwa yamefungwa. Milango mingine ya kutokea ilifichwa nyuma ya mapazia, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Na katika ngazi mlikuwa na milango ya vyuma iliyotiwa kufuli, ili waliokata tikiti za bei ndogo wasishuke kuketi kwenye viti vya bei kubwa. Waliokufa walipita 600, na wengi wao walikutwa wamelaliana mbele ya milango. Wengine walianguka kutoka juu katika kichochoro kilicho nyuma ya jumba.

Jumba lile lilivunjwa katika miaka ya 1920, pakajengwa jingine mahali pake, nalo lilifunguliwa mwaka 1926. Mpaka leo husimuliwa kuwa katika kichochoro kile husikika sauti za waliokufa, na wageni hupelekwa kutazama. Hiyo ndiyo khabari ya mzuka. Na sasa itazameni khabari ya walio hai: wenye jumba na wakubwa wa mji walishtakiwa, lakini kwa vifo vile hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Watu wa mji ule wameirithi sauti ya kichochoroni, lakini ni wangapi wanaokumbuka kufuli la ngazini? Mzuka haushtakiwi, haulipi fidia, wala hauulizwi kwa nini alifunga mlango. Kwa hivyo mwenye kufuli hana rafiki mwema kuliko mzuka.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Wamarekani peke yao. Sisi tulio huku bara ya Mombasa tunaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, kivuko kilipopinduka Mtongwe karibu na gati, wakafa watu 272, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini kutafuta riziki ya watoto wao. Kivuko kile kilikuwa kimepakia kupita kiasi chake. Na mwaka 1998, katika skuli ya wasichana ya Bombolulu, ile ya Mazeras na si mtaa wetu wa Kisauni, bweni liliungua usiku, wakafa wasichana 26. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yametiwa vyuma. Penye misiba ya namna hii hakukosekani mtu wa kusema kwamba bahari imetaka kichwa, au kwamba mahali pale pana wenyewe. Maneno hayo huonekana kama ni ya uchaji, kumbe ndani yake mna kumwachilia mtu aliyepakia abiria kupita kiasi, na kumsingizia kiumbe kisichoonekana.

Yupo atakayetujibu: Hiyo ilikuwa ajali yao, na siku ikifika haina mlango. Twasema: Hapana shaka, ajali imeandikwa. Lakini Sheria hiyo hiyo iliyotufundisha kuwa ajali imeandikwa ndiyo iliyomwajibisha aliyeua kwa kukosea atoe dia kwa jamaa wa maiti, na afanye kafara. Na mafakihi wamesema kuwa mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu pasi na idhini, akatumbukia mpita njia, huyo ni dhamini. Hawakumwambia mwenye kisima aende zake kwa sababu marehemu siku yake ilikuwa imefika. Qadari ni faraja ya mfiwa. Haikuwekwa iwe ngao ya mkosa.

Na yupo mwingine atakayesema, na maneno yake yana uzito: Hizo hadithi za mizuka ndizo zinazowafanya watu wawakumbuke wafu, mkiziondoa, watasahauliwa kabisa. Twakiri kuwa hadithi huhifadhi jambo ambalo daftari hulipoteza, na hatumdharau mama wa Mtongwe anayeogopa kupita gatini usiku. Lakini na tuulize hadithi hizo zinakumbuka nini. Zinakumbuka kilio, hazikumbuki sababu ya kilio. Na iko njia nyingine ya kukumbuka. Mtu mmoja wa mji wa Indianapolis, jina lake Carl Prinzler, alikuwa aingie katika jumba la Iroquois siku ile ya moto, akazuiliwa na shughuli zake. Yeye alifikiri juu ya ile milango, na kwa kusaidiana na mhandisi, likapatikana komeo linalofunguka kwa kusukumwa tu na kifua cha mtu, likaanza kuuzwa mwaka 1908. Komeo la namna hiyo leo liko katika majumba ya watu ulimwenguni kote. Basi pimeni wenyewe: ni yupi aliyewakumbuka wafu wa Chicago vizuri zaidi, msimuliaji wa sauti za kichochoroni, au mtengenezaji wa komeo?

Jawabu letu kwa ndugu zetu, basi, ni hili. Khabari ya mzuka isiyokuwa na dalili haimlazimu Muislamu kuisadiki, wala hatakuwa ameyakanusha majini kwa kuiacha. Lakini dhima ya walio hai ni jambo la yakini. Tunayo kumbi za arusi, tunazo madrasa zilizo ghorofani, tunayo mabweni ya watoto, na kila siku tunavuka Likoni. Mzee anayempeleka mtoto wake katika nyumba ya kulala wanafunzi asione haya kuuliza ufunguo uko kwa nani usiku, na mlango wafungukia ndani au nje. Wenye kumbi wasichukie wakiulizwa. Wafu wana haki juu yetu, na ya kwanza ni kuwaombea. Na ya pili ni kutowafungia walio nyuma yao mlango ule ule uliowaua wao.

Wabillahi taufiki.