Je, Heshima ya Askari Hurithiwa?



Katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika barabara ya Samora, imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, ameshika bunduki yenye singe. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927 iwe ukumbusho wa Waafrika waliopigana na wale waliobeba mizigo ya majeshi katika Vita Kuu ya 1914–1918. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawaahidi waliokufa kwamba kumbukumbu yao itakaa kwa watoto wao.

Ahadi hiyo yastahili kupimwa. Je, ni kweli kwamba heshima ya askari hupita kutoka kwa baba hata kwa mwana, mfano wa shamba au nyumba? Na ikiwa heshima hupita, je, aibu nayo haipiti?

Swali hili si la wanajeshi peke yao. Mtu anapoichunguza dini ya haki, mara nyingi jamaa zake humwambia: “Babu yako alikuwa shujaa fulani, utawezaje kuiacha njia yake?” Mwingine huja ameinamisha kichwa, kwa kuwa babu yake alikuwa mpagazi au mtumwa, naye adhani kwamba hana cha kusimamia mbele za watu. Wa kwanza ameelemewa na fahari asiyoichuma, wa pili na fedheha asiyoitenda. Wote wawili wanahitaji jibu.

BENDERA TATU KATIKA UKOO MMOJA

Katika nchi zetu si ajabu kuukuta ukoo ambao babu alikuwa askari wa Wajerumani chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, akatembea naye mpaka siku ya kuweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwanawe akaandikishwa katika Keya, jeshi la Waingereza waliompiga baba yake, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Mjukuu akaingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964, akapigana vita vya Kagera vya 1978–1979. Watu wa ukoo huo husema kwa fahari: “Sisi ni ukoo wa askari.”

Basi na tufikiri. Ikiwa heshima yao imo katika bendera, babu na mwana wanabatilishana, kwani kila mmoja alimtumikia adui wa mwenzake. Ikiwa imo katika ushindi, babu hana kitu, maana upande wake ulishindwa. Na ikiwa imo katika bunduki tu, basi hata mnyang'anyi ana bunduki.

Tena liko jambo zito zaidi. Jeshi lile lile la Wajerumani, lenye askari Waafrika ndani yake, ndilo lililozima vita vya Maji Maji vya 1905–1907 kwa kuchoma vijiji, mazao na maghala ya chakula, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wajukuu wa waliochoma na wajukuu wa waliochomewa wanakaa leo katika nchi moja, pengine wameoana. Mmoja anapoisifu medali ya babu yake, mwenzake aweza kukumbuka ghala tupu la babu yake. Heshima ya namna hiyo haiwezi kurithiwa peke yake. Hapana budi machozi nayo yarithiwe pamoja nayo.

Na je, ahadi ya kukumbukwa imetimizwa? Sanamu ile haina jina la hata mtu mmoja. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Mwaka 1921 ulipita, ukapita wa 1951, wala majina yao hayakuandikwa. Ni mwaka 2021 tu ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikiwa heshima ya mtu iko mikononi mwa wanaomkumbuka, basi hawa wamedhulumiwa mara mbili: walipoteza uhai, kisha wakapoteza jina. Walakini Mola wetu hapotezi jina la mtu. Heshima ya kweli lazima iwe imewekwa mahali ambapo daftari haliliwi na mchwa.

FAHARI YA ZAMA ZA UJAHILI

Waarabu kabla ya Islam walikuwa mabingwa wa kurithi heshima. Kila kabila lilihesabu mashujaa wake, na mtoto alinyonyeshwa majina yao pamoja na maziwa. Matunda yake yalikuwa nini? Tazama vita vya Basus kati ya Bakr na Taghlib. Ngamia wa mwanamke mmoja alichomwa mshale katika malisho. Kwa ajili ya ngamia chifu akauawa. Na kwa ajili ya chifu makabila mawili ya ndugu yakauana kwa muda unaosimuliwa kuwa miaka arobaini. Watoto ambao hawakumwona kamwe ngamia yule walikufa kwa ajili yake, na kila mmoja alidhani kwamba anailinda heshima ya baba yake.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliukata mnyororo huo. Katika Hija ya Kuaga, mwaka 632, alitangaza kwamba visasi vyote vya damu vya zama za ujahili vimefutwa, na kisasi cha kwanza alichokifuta kilikuwa cha jamaa yake mwenyewe, damu ya mtoto wa Rabia bin Harith. Tafakari hekima hiyo. Hakuanza kwa kuwaambia wengine wasamehe. Alianza nyumbani kwake. Akafundisha pia kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu. Na Kurani Tukufu, katika sura ya 49, inaeleza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu watambuane. Mwenye heshima mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi.

Ndugu zetu Wakristo nao wanayo hoja hii katika kitabu chao. Katika Injili ya Luka, mlango wa tatu, Yahya a.s. anawaonya watu wasijitegemeze juu ya kuwa watoto wa Ibrahimu. Aya chache mbele yake askari wanamwendea kumwuliza lipasalo wao watende. Hawaulizi habari za ukoo wao, wala yeye hawatajii baba zao. Anawaagiza wasimdhulumu mtu, wasisingizie, na watosheke na mshahara wao. Hiyo ndiyo heshima ya askari, nayo haina nasaba.

ZAID NA USAMA

Sasa na tuutazame ukoo mmoja wa askari ambao Islam inaujua vizuri. Zaid bin Haritha r.a. alitekwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni, akanunuliwa kwa ajili ya Bibi Khadija r.a., naye akampa mumewe. Baba yake alipopata habari, alikuja na fedha za kumkomboa. Mtume s.a.w., kabla hajapewa utume, hakutaka fedha. Alimwachia Zaid achague mwenyewe. Zaid akachagua kubaki. Wazee wetu husema: mwacha asili ni mtumwa. Lakini huyu aliacha kurudi kwenye asili yake, na hapo ndipo alipotangazwa kuwa mtu huru.

Mwaka 629 Zaid aliongoza jeshi la watu 3,000 kwenda Muta, mpakani mwa Sham, akauawa akiwa ameshika bendera. Alimwacha mwana, Usama r.a., aliyezaliwa na Umm Ayman r.a., mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume s.a.w. utotoni. Ndugu msomaji Mwafrika, angalia: mama yake ametoka barani kwetu, na baba yake alikuwa ameuzwa sokoni.

Mwaka 632 Mtume s.a.w. alimteua Usama, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka ishirini, kuwa jemadari wa jeshi la kwenda Sham, na chini yake wakawekwa masahaba wakubwa. Watu wakanung'unika. Mtume s.a.w., naye mgonjwa, kichwa chake kimefungwa kitambaa, akatoka akawaambia kwamba wanaolaumu ujemadari wa mwana ndio waliolaumu zamani ujemadari wa baba, na kwamba baba alistahili na mwana anastahili. Zingatia neno hilo: alistahili. Hakusema kwamba cheo ni mali ya nyumba ya Zaid. Alimpima baba kwa mizani, akampima mwana kwa mizani ile ile.

Mtume s.a.w. alipofariki, Hadhrat Abu Bakr r.a. aliliaga jeshi hilo akitembea kwa miguu, huku kijana Usama yuko juu ya mnyama. Kijana akaona haya, akataka ashuke au Khalifa apande. Khalifa akakataa yote mawili. Tena akamwomba Usama ruhusa ili Hadhrat Umar r.a. abaki Madina. Imesimuliwa kwamba aliwausia askari wasiue watoto, wanawake wala wazee, wasikate miti ya matunda, na wawaache watawa katika nyumba zao za ibada. Linganisha wosia huo na maghala yaliyochomwa ya Maji Maji, nawe utajua ni askari yupi mwenye la kuwarithisha wanawe.

SIKU AMBAYO JINA LA BABA HALIKUSAIDIA

Huenda mtu akasema: “Kumbe Usama alifaidika kwa kuwa mwana wa Zaid!” Basi na asikie tukio jingine, la kabla ya ujemadari wake. Katika mapigano fulani Usama alimfikia adui, na adui yule akatamka La ilaha illallah. Mwenzake, mmoja wa Ansari, akauzuia mkono wake. Usama hakuuzuia, akamwua. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., Usama alijitetea kwamba mtu yule alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume s.a.w. akamwuliza kama aliupasua moyo wake akaona yaliyomo, akalirudia lawama lake mara nyingi, hata Usama akatamani lau angalikuwa amesilimu siku ile ile, asiwe na jambo hilo nyuma yake.

Huyu alikuwa kipenzi na mwana wa kipenzi. Lakini jina la baba yake halikumfunika. Naye hakusahau. Waislamu walipoanza kupigana wao kwa wao baada ya kuuawa Hadhrat Uthman r.a., Usama alimtumia ujumbe Hadhrat Ali r.a. kwamba angalikuwa radhi kuwa pamoja naye hata katika kinywa cha simba, lakini kuwapiga waliotamka kalima hawezi. Je, asingeweza kudai kwamba heshima ya ukoo wake wa majemadari inamlazimisha kushika upanga? Aliona kwamba heshima yake siku ile ilikuwa kuuacha alani mwake. Na wale ambao leo hupima imani ya wenzao kana kwamba wameipasua mioyo yao, na waisome tena habari hii.

Upande wa pili yuko Ikrima r.a., mwana wa Abu Jahli. Baba yake alikufa katika Badr akiupiga vita Uislamu. Ikrima aliposilimu mwaka 630, Mtume s.a.w. aliwakataza masahaba wasimtukane baba yake, kwani matusi hayamfikii maiti, bali humwumiza aliye hai. Mwana yule akafa shahidi katika vita vya Sham. Wala aibu ya baba haikumzuia.

BASI WAZEE WASIKUMBUKWE?

La, hasha! Islam haitufundishi kuwatupa wazee. Iliyokatazwa ni kuishi kwa mshahara wa kazi iliyofanywa na mwingine. Ikiwa wewe ni wa ukoo wa askari, yakupasa mambo matatu.

Kwanza, simulia habari yote. Ukiwaambia wanao kwamba babu alikuwa hodari, waambie pia ni nani aliyelia kwa sababu ya uhodari huo. Ukweli haumvunjii heshima aliyeistahili.

Pili, waombee, na ulipe madeni yao. Ikiwa babu yako aliwadhulumu watu, mtendee wema mjukuu wao. Hilo litamfaa kuliko picha iliyotundikwa ukutani.

Tatu, rithi tabia, si sifa. Uvumilivu wa mpagazi aliyebeba mzigo hali miguu yatoka damu, uaminifu wa mlinzi asiyelala zamu yake, huruma ya askari aliyemwachia mateka maji yake ya kunywa: hayo yarithiwa, lakini kwa kuyatenda tu. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asipofanya lolote kati ya hayo mawili, hana ila moshi wa kiwanda cha baba yake katika nguo.

Na wewe ambaye ukoo wako hauna medali wala cheo, usiiname. Zaid aliuzwa sokoni. Lipo jeshi ambalo kila mtu huandikishwa bila kuulizwa jina la babu yake, nalo ni la kupigana na nafsi: hasira, uongo, tamaa na majivuno. Askari wake hawajengewi sanamu mjini. Lakini Kamanda wake anawajua wote kwa majina.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, awasamehe waliyoyakosa, awalipe wale ambao majina yao yamepotea kwa wanadamu, na atujalie tuwe watu ambao watoto wetu hawatahitaji kutuficha wala kutujivunia, bali watatufuata katika mema. Amin.